Mbwa Naye ni Mfugo

Wenyeji wa Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, humwita mbwa kwa Kibemba *imbwa*. Sisi walimu wa Kiswahili hufurahia undugu kama huo wa maneno. Aidha, Kiswahili chenyewe si kigeni hapa: wachuuzi na wavuvi hukivusha kutoka upande wa Kongo, na tangu mwaka 2018 kinasemwa pia na wakimbizi wa Kongo waliopewa makazi huko Mantapala.

Lipo, hata hivyo, neno moja linalotutia mashaka, nalo ni *mifugo*. Tukimtaja daktari wa mifugo, wengi huona akilini mwao ng'ombe, mbuzi na kuku. Mbwa huachwa nje ya neno, na akishaachwa nje ya neno huachwa pia nje ya matumizi ya nyumba. Hulinda nyavu usiku, hula mabaki ya samaki, na akiugua huambiwa, "Atapona mwenyewe." Lakini mfugo ni kile kinachofugwa. Anayefuga mbwa ana mfugo, na gharama zake ni juu yake.

Kumpata daktari hapa si kazi nyepesi. Chuo Kikuu cha Zambia kimekuwa kikifundisha utabibu wa wanyama tangu mwaka 1983, lakini kiko Lusaka, na mwendo wa kutoka huko hadi Mweru ni mrefu. Kwa hiyo mlango wa kwanza wa kubisha ni ofisi ya mifugo ya wilaya. Sisi tunashauri ubishwe mnyama angali mzima. Ulizeni chanjo hutolewa lini na kwa bei gani, kama mwenye mnyama hujinunulia dawa mwenyewe, na nani wa kumwendea mtaalamu akiwa safarini. Maswali haya hayalipiwi. Lakini anayeyauliza mbwa akiwa taabani huwa amechelewa.

Fedha nazo zina majira yake. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane, na mifuko mingi ya mwambao hukauka. Miezi hiyo hiyo ni ya mvua, na kupe huwa wengi. Nyumbani kwetu tuna mbwa mmoja, paka mmoja na daftari moja. Humo tumeandika chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo, dawa ya kupe, na akiba kidogo ya dharura. Kila mwezi wa uvuvi tunatenga kwacha chache, na Novemba haiishi kabla dawa hazijanunuliwa. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Yuko atakayesema kwamba watoto wanahitaji madaftari kabla ya mbwa kupata sindano. Hoja hiyo ni nzito, na sisi hatuipuuzi. Lakini sindano ya mbwa ni ya mtoto vilevile. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Watoto ndio huumwa zaidi, kwa kuwa ndio wachezao naye. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Aliyeumwa hana budi kuosha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali bila kungoja; na chanjo atakazochomwa yeye ni ghali kuliko ile moja ambayo mbwa angechanjwa mapema.

Ndugu walimu, tunapofundisha kitenzi *kufuga*, tusiishie kwenye ng'ombe na mbuzi. Tumtaje na mbwa, kisha tuwaulize wanafunzi: wa kwenu amechanjwa lini?