Pakua Faili Bila Kugandisha Dirisha

Leo tuongelee skripti ya Python yenye dirisha la Tkinter, ambayo huganda pindi inapopakua faili. Hapa kwetu Mkongani, Kwale, mtandao ukizubaa jambo hili ni la pesa: mtu akiona dirisha limekufa anaifunga programu, na bando lililokwisha kutumika halirudi.

Sababu ni kwamba dirisha lina uzi mmoja wa kazi, unaochora vitufe na kusikiliza kipanya. Ukiupa na kazi ya kupakua, ni sawa na mwenye duka aliyekwenda kuchukua mzigo mwenyewe: wateja wanabisha, hakuna wa kuitika.

Dawa ni kumtuma kijana. Anzisha uzi wa pili kwa moduli ya threading, upakue faili vipande vipande. Lakini kijana asiguse rafu: uzi huo usibadilishe dirisha. Uweke taarifa kwenye foleni ya moduli ya queue, nalo dirisha liichungulie kila milisekunde 100 kwa amri ya after.

Mimi huongeza pia kitufe cha "Simamisha". Mtu akiona asilimia zinasogea, hata polepole, husubiri. Haya, jaribuni.