Kikwembe cha Machi Nane

Pangi, Alhamisi 16 Januari 2025

Sikukuu ya mashujaa, kazi hakuna, kwa hiyo kikao cha wamama kilijaa hadi barazani. Ajenda moja tu: kikwembe cha 8 Machi, siku ya wanawake. Katibu alileta sampuli ya zambarau yenye maua makubwa, chapa ya Kichina ambayo jina lake, ukilisoma harakaharaka, utadhani ni la Uholanzi. Yadi 6 kwa dola 14. Ongeza kushona libaya na sketi, ongeza kitambaa cha kichwa, kisha viatu, maana hakuna anayekubali kuandamana na viatu vya mwaka jana.

Fundi ni mimi. Chama kizima kikishona kwangu, cherehani yangu inakula hadi baada ya Pasaka. Ndiyo sababu nilipoinua mkono na kusema tusinunue, walidhani sikusikia vizuri.

Nikasema: kila mmoja wetu ana kikwembe cha Machi Nane cha mwaka jana, na cha mwaka juzi, na ikifika Aprili hakivaliwi tena. Kitambaa chenye maandishi ya sikukuu hakiuziki, hakipelekwi kwenye mahari, msibani ni aibu. Mama mwenyekiti akanijibu kwa upole wake ule, "Mama Fundi, siku moja kwa mwaka mume anatoa pesa bila kuuliza, na wewe unataka tumrudishie?" Wakacheka wote, hata mimi. Hoja yake si ndogo. Mwanamke ambaye hashiki pesa ya nyumba anaijua thamani ya siku ambayo hawezi kunyimwa.

Kikao kimeahirishwa.

Jumapili 19 Januari

Misa ya pili. Padri akihubiri, mimi nilikuwa nasoma kingo za vikwembe.

Maandishi ya ukingoni hayatoshi tena. Wax ya Vlisco inatoka Helmond, Uholanzi, kiwanda cha tangu 1846 kilichowahi kuiga batiki ya Java, na leo wapo wanaokiiga mpaka herufi za ukingoni. Mimi nakigeuza kitambaa. Ya kweli rangi yake ni ileile mbele na nyuma, kwa sababu utomvu unapigwa pande zote mbili kabla ya kitambaa kutiwa rangi. Halafu natafuta zile nyufa nyembamba ambamo rangi imepenya. Utomvu unavunjika unavyotaka, kwa hiyo ua la yadi ya kwanza haliwezi kupasuka sawasawa na ua la yadi ya tatu. Ukiona ufa uleule unarudi kila baada ya mkono mmoja, umechorwa na mashine. Mwisho nakisugua kati ya vidole: kikitoa vumbi jeupe, ni wanga. Kikifuliwa mara ya kwanza kitalala kama jani la sombe lililochemshwa.

Mke wa mwalimu mmoja wa hapa anavaa wax ya bluu ambayo nimeijua tangu nikiwa mwanafunzi wa cherehani. Ameishona upya mara mbili: kwanza libaya yenye mikono mipana, halafu ya kubana kiuno, sasa gauni refu. Ukigawanya dola 80 za kuinunua kwa Jumapili zote hizo, hupati hata bei ya sabuni ya kuifulia. Ile ya dola 14 ikivaliwa mara moja imemgharimu mtu dola 14, na mkono wa fundi juu yake.

Jumatano 29 Januari

Tangu juzi mji wa Goma uko mikononi mwa waasi wa M23. Uwanja wa ndege umefungwa. Shemeji yangu yuko kule, mtaa wa karibu na uwanja, na simu inaita bila kupokelewa.

Daftari hili ni la hesabu, kwa hiyo naandika na hesabu. Vitu vingi vya urembo tunavyoviona mjini Kindu hushuka na ndege kutoka Goma na Bukavu: meshi za kusukia, mafuta ya ngozi, viatu, vipodozi. Treni ya kutoka Lubumbashi inafika siku inapotaka. Leo asubuhi paketi ya meshi ilikuwa kwa bei ya Noeli, adhuhuri imepanda, na ni paketi ileile, vumbi lake la Desemba bado liko juu. Bei imesikia redio kabla ya mwenye duka.

Wasukaji wawili wamerudi kwenye uzi mweusi, ule mtindo wa nywele kusimama kama miiba. Mama zetu walisukwa hivyo. Uzi ni bei ya chini, nywele zinapumua, na uso wa mviringo unatoka vizuri. Wasichana wananuna.

Usiku: shemeji amepiga. Wako wazima, wamelala chini ya kitanda.

Alhamisi 6 Februari

Mwanafunzi wangu anaolewa baada ya Pasaka. Mchumba wake anachimba dhahabu upande wa Kampene. Leo aliacha mfuko wake juu ya meza ya kukatia nikaona tyubu, na kando yake kopo la mkorogo lisilo na hata neno moja la yaliyomo.

Tyubu nilisoma karatasi yake: clobetasol. Ni dawa ya hospitali, ya ukurutu mkali, ya kupaka kidogo na kwa siku chache, na usoni hata daktari anaiogopa. Inaifanya ngozi kuwa nyembamba. Muuguzi mmoja alishatueleza jinsi ilivyo kazi kushona tumbo la mama wa upasuaji aliyejichubua miaka, uzi unakata nyama. Na kopo lisilo na maandishi linaweza kuwa na haidrokwinoni, ambayo Ulaya ilishaiondoa kwenye krimu za ngozi tangu 2001, au zebaki, ambayo huharibu figo. Nchi nyingi zilikubaliana katika Mkataba wa Minamata kwamba vipodozi vyenye zebaki visitengenezwe wala kuuzwa kupita 2020. Makopo hayajasoma mkataba.

Sikumhubiria. Mahubiri ameyasikia kwa mama yake na kwa sista wa shule. Nilichukua chaki nikaandika juu ya meza: kopo dola 5, tyubu dola 2, kila mwezi. Mara 12. Dola 84. Na haina mwisho, kwa sababu ukiacha weusi unarudi, tena kwa mabaka. Nikamwambia, "Mtoto wangu, hiyo ni super wax moja kila mwaka, na unaitupa pamoja na maji ya kuoga. Mama mkwe wako ataangalia kitambaa. Akimaliza ataangalia vifundo vya vidole vyako, maana hivyo havikubali mkorogo."

Akaangalia vidole vyake. Jioni aliondoka na chupa ya mafuta ya mbegu za ngazi, za mchikichi, analalamika kwamba yananuka moshi. Ni kweli yananuka. Anayapaka usiku, asubuhi anaoga.

Jumanne 11 Februari

Kwa mama, kuanika sanduku. Mvua za mwezi huu zinaleta ukungu hata ndani ya nguo zilizokunjwa.

Baba alifanya kazi Kalima, kwenye bati, enzi za Sominki, kampuni iliyozaliwa 1976 kwa kuunganisha Symétain na wenzake. Mshahara ukitoka vizuri, mama alinunua wax. Suruali hakuwahi kuijaribu: chini ya Mobutu, tangu siasa ya uhalisi ya miaka ya 70, mwanamke wa Zaire alikuwa wa kikwembe, na suruali na wigi vilipigwa marufuku mpaka upepo wa 1990. Mama anasema hakuona dhuluma yoyote, alikuwa na vikwembe vizuri. Mimi nadhani ni rahisi kusema hivyo ukiwa navyo.

Kisha vita. Waasi wa RCD waliiteka Kindu Oktoba 1998, njia zikafa, chumvi ikawa inakuja kwa baiskeli za kusukuma kutoka mbali, mtu anaondoka na mawese anarudi na chumvi baada ya wiki. Mama alivitoa vikwembe kimoja kimoja. Kile cha majani ya njano kwa chumvi. Kile cha mbayuwayu kwa dawa ya malaria ya kaka yangu. Alikuwa pia na vya Sotexki, kiwanda cha Kisangani, vizuri tu kwa shamba na kwa nyumba, ila wenye chumvi walivishika, wakavirudisha. Vilivyobaki leo ni vitatu, vyote vya Uholanzi. Amekataa nimshonee hata kimoja. "Kikishakatwa, kinakuwa changu peke yangu," amesema. Maana yake kikiwa kizima bado kinaweza kumwokoa mtu mwingine.

Chini kabisa ya sanduku, ndani ya gazeti, mkanda wa bibi wa shanga na simbi. Bibi alikuwa kanyamwa, daraja la juu la wanawake katika chama cha bwami cha Warega, na utawala wa Wabelgiji uliipiga marufuku bwami 1948, lakini watu waliendelea msituni. Mapambo yale hayakununuliwa dukani. Yalikuja na cheo, na cheo kilikuja baada ya babu na ukoo wake kugawa mbuzi, simbi na nyama kwa watu wengi mno. Gharama yake ilikuwa kubwa kuliko wax yoyote. Tofauti ninayoiona ni kwamba pesa ya bibi ililiwa na kijiji, ya kwetu inapanda ndege.

Kindu, Jumamosi 22 Februari

Bukavu nayo imeanguka Jumapili iliyopita. Nimekuja kutafuta uzi, zipu na bitana kabla havijaisha kabisa.

Njia ni matope mpaka goti la pikipiki. Nilivaa suruali chini na kikwembe juu, nilipofika Alunguli nikaosha miguu mtoni, nikavuka Lualaba, nikaingia mjini kama mtu. Zipu ndefu hakuna. Bitana ipo nyeusi tu. Nimenunua nyeusi.

Kwenye tombola, soko la mitumba, nilikaa muda mrefu kuliko nilivyopanga, hapo ndipo roho yangu inapotulia. Wanawake wengi wanachagua kwa kipimo cha mwili wao. Mimi nachagua kitambaa. Shati kubwa la mwanaume, pamba nzito, ni gauni la msichana wa miaka 8. Naangalia kwapa kwanza, halafu kola kwa ndani, halafu nainyanyua kwenye mwanga kutafuta palipochakaa. Vifungo pekee wakati mwingine vinapita bei ya nguo. Koti la sufu, hata likiwa la bure, liache: joto letu na nondo watagawana.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuyaondoa mavazi haya hadi 2019. Marekani ikatishia kuwanyima soko lake lisilo na ushuru, AGOA, wengine wakarudi nyuma, Rwanda ikakaza na 2018 nguo zake zikapoteza msamaha wa ushuru kule. Sisi Congo tuliingia jumuiya 2022, kelele zimekwisha. Fundi aliye ndani yangu angefurahi tombola ikifungwa. Mama mwenye watoto wa kuvisha angelia. Leo nimerudi na mfuko mzima, kwa hiyo inaonekana nani ameshinda.

Pangi, Jumapili 2 Machi

Kikao cha mwisho. Dola imepita franka 2,800 na zambarau ya dola 14 sasa inaulizwa 20. Mama mwenyekiti ndiye aliyegeuza meli, si mimi. Alisimama akasema kuna wanawake Goma na Bukavu ambao mwaka huu hawana hata pa kuanika nguo, na kwamba mume atatoa pesa ileile, ila safari hii haitaingia kwenye maua. Hakuna aliyecheka.

Uamuzi: kila mmoja avae Machi Nane ya mwaka wowote aliyo nayo. Pesa iingie likelemba, mchango wa zamu: kila mwezi wawili wapate wax ya yadi 6, ya kweli. Nani atakwenda kununua? Kila mmoja akaniangalia, halafu wakamchagua mke wa mwalimu na mama mmoja muuza samaki mwenye macho ya tai. Fundi, wakasema, ana rafiki wengi mno madukani. Nimeumia kidogo. Wana haki.

Na cherehani imepata kazi yake hata hivyo: wanataka niunganishe miaka. Mikono ya 2023, mwili wa 2024, kola ya kale zaidi. Franka 6,000 kwa libaya.

Jumamosi 8 Machi

Lazima niseme ukweli: chama cha ng'ambo ya barabara walikuja na sare mpya, wote zambarau, safu moja ndefu chini ya jua la saa nne, na walipendeza kuliko sisi. Viraka vyetu vina akili, vinafurahisha mtu akikaribia. Kwa mbali tulikuwa soko. Uzuri wa watu wengi waliovaa sawa ni kitu cha peke yake, nami siwezi kuushona kwa mabaki.

Hatukucheza. Walioimba waliimba wimbo mmoja wa kanisa.

Jumatatu 10 Machi

Wamama wanne wa zambarau wamekuja kuuliza kama likelemba ina nafasi. Nimewatuma kwa mwenyekiti.

Mwanafunzi wangu amepokea pesa ya mchumba kwa Airtel Money na kumtuma shangazi yake Kindu. Wax imefika leo, nimeigeuza, nimetafuta nyufa, ni ya kweli. Ila amechagua kijani kibichi cha parachichi. Nilimwambia achukue bluu, bluu inapata mnunuzi siku yoyote, hata siku ya njaa. Amesema hana nia ya kuiuza. Ameiweka begani mbele ya kioo, na inamkaa.

Kifua 92, kiuno 70, nyonga 101. Bitana nyeusi. Nusu ya malipo kabla sijakata.