Saa Moja kati ya Kinshasa na Lubumbashi

Juzi mwanangu, mwanafunzi wa sekondari, aliniuliza: «Baba, toka hapa Kinshasa mpaka Lubumbashi ni mwendo gani?» Nikamjibu upesi: kwa ndege ni kilometa 1,550 hivi, saa mbili na kitu. Kisha nikanyamaza, maana jibu hilo halikutimia, nami nalijua kwa uchungu.

Marehemu baba yangu aliuzoea mwendo mwingine. Katika ujana wake miji hii iliitwa bado Léopoldville na Elisabethville. Majina ya leo ni ya mwaka 1966. Aliyetoka Lubumbashi alipanda gari la moshi, akapita Kamina, akapita Kananga, akafika Ilebo, mahali reli ilipofika mwaka 1928. Hizo ni kilometa karibu 1,600, na safari haijaisha! Hapo reli yakoma. Msafiri aliingia merikebu, akafuata maji ya Kasai mpaka mto Kongo, ndipo akateremka Kinshasa. Mzee alitusimulia vituo kimoja kimoja, na samaki walionunuliwa kandokando ya mto. Sisi tunaoruka tutasimulia nini? Mawingu.

Basi, baba alifariki Lubumbashi. Kaka yangu alinipigia simu: mazishi ni saa tisa za mchana. Ndege yangu ilikuwa ya saa tano. Nikahesabu: saa saba na robo nitakuwa chini. Ndege ikachelewa kuondoka dakika arobaini. Hata hivyo sikuhangaika. Tulipotua Luano, saa yangu ya mkononi ilionyesha saa nane kasoro dakika kumi. Nikangojea mzigo wangu kwa utulivu, nikanunua hata maji ya kunywa. Simu niliizima ndegeni, nisiiwashe tena.

Kumbe ukutani saa ilikuwa tisa na dakika ishirini!

Mimi ni mzaliwa wa Lubumbashi. Tangu shuleni najua kwamba jua huwafikia wa mashariki kwanza, na kwamba kila digrii 15 za dunia ni saa moja. Kati ya miji hii mna digrii kama 12, na kwa sheria ya nchi saa za Lubumbashi zatangulia saa moja. Siku ile huzuni iliniondolea hesabu yote.

Nilipofika makaburini udongo ulikuwa umekwisha kurudishwa. Kaka hakunigombeza. Alinipa beleshi, akasema: «Tulikungoja kidogo.»

Mwanangu aliandika yote hayo katika daftari lake, kilometa na saa, akainua macho.

— Na wakati wa kurudi huku, baba, ile saa moja mtu hurudishiwa?

— Hurudishiwa, mwanangu. Ukiondoka Lubumbashi saa nne, watua Kinshasa saa tano na kitu.