Abdulrazak Gurnah: Wanaobaki Ndio Wenye Siri

Kabla jina lake halijatangazwa Stockholm kuwa mshindi wa Nobel ya Fasihi, Abdulrazak Gurnah alikuwa akisukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja mjini Canterbury. Alikuwa kijana wa Malindi, mtaa wa karibu na bandari ya Zanzibar, aliyeondoka na ndugu yake akiwa na miaka 18, miaka michache baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Waliingia Uingereza kwa viza ya utalii. Upweke ukamtia kwenye shajara, na shajara ikazaa hadithi. Kazi ya hospitali haikupotea bure: Daud wa riwaya ya Pilgrims Way (1988) ni mtumishi wa hospitali katika mji huohuo, naye huwatungia watu barua kichwani.

Mtu akisikia kwamba Gurnah anaandika juu ya wahamaji, hudhani wahusika wakuu ni wanaume wenye masanduku. Wamo kweli. Lakini ukizisoma riwaya zake kwa mpangilio utaona jambo jingine. Anayeondoka mara nyingi ni mwanamume, naye haelewi yaliyotokea nyumbani kwao. Anayeelewa ni yule aliyebaki, na aliyebaki kwa kawaida ni dada yake, au mama.

Hilo lilianza mapema. Katika Memory of Departure (1987), riwaya iliyohangaika miaka mingi kabla ya kupata mchapishaji, Hassan anatafuta njia ya kutoka kwenye mji wa pwani usiotajwa jina, huku dada yake Zakiya akiliwa na maneno ya mtaa. Hassan anapanda meli. Zakiya hana meli.

Riwaya ya tatu, Dottie (1990), ndiyo inayozungumzwa kidogo kuliko zote, na sijui kwa nini. Humo hakuna Zanzibar hata kidogo. Dottie Badoura Fatma Balfour amezaliwa Uingereza, na mama yao anapofariki yeye ni msichana tu, lakini anabaki na mdogo wake Sophie na kaka yao mdogo Hudson. Hajui majina yake matatu ya kwanza yametoka wapi. Mama yao alizaliwa Cardiff akiitwa Bilkisu, akakimbia ndoa aliyopangiwa na wazazi, akajigeuza Sharon, na habari za ukoo akaenda nazo kaburini. Uhamiaji ulikwisha vizazi viwili nyuma, ila siri yake imebaki ndani ya nyumba ya kupanga, pamoja na bili. Mwandishi mwanamume, mgeni, aliamua kukaa na dada wawili maskini katika vyumba vya baridi kwa kurasa zaidi ya mia tatu. Wahakiki hawakumshangilia sana.

Miaka hiyo Gurnah alikuwa pia mwalimu. Alifundisha Chuo Kikuu cha Bayero, Kano, kuanzia 1980 hadi 1983, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, kisha akafundisha Kent hadi alipostaafu mwaka 2017. Mwaka 1984 ndipo alipoweza kurudi Zanzibar. Akiwa huko alimtazama baba yake, mzee sasa, akivuka njia kwenda msikitini, akajiuliza ilikuwaje kuwa mtoto siku wakoloni walipokuwa wakiingia. Swali hilo likawa Paradise (1994). Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, ndiye anayekumbukwa. Mimi humkumbuka zaidi Khalil. Huyu yuko huru kuondoka dukani kwa tajiri Aziz tangu Amina, msichana aliyelelewa naye kama dada, alipoolewa na Aziz. Haondoki. Deni limelipwa kwa Amina, na Khalil anaona haya kuutumia uhuru ulionunuliwa hivyo.

Mbegu hiyo ilichipua vizuri zaidi miaka 23 baadaye katika Gravel Heart (2017). Gurnah, aliyekula mshahara wa fasihi ya Kiingereza kwa miaka mingi, alichukua tamthilia ya Shakespeare, Measure for Measure, ambamo kaka yuko gerezani na mkubwa mwenye madaraka anamtaka dada mtu ili amwachie. Isabella wa Shakespeare anakataa. Saida wa Gurnah, Zanzibar baada ya Mapinduzi, anakubali. Kaka yake Amir anatoka kifungoni, anapanda vyeo mpaka ubalozini London, anavaa suti nzuri. Mume wa Saida, Masud, anahamia chumba cha nyuma ya duka na kunyamaza. Mtoto wao Salim anatumwa kila siku na kikapu cha chakula kwa baba, na hakuna anayemwambia kwa nini.

Halafu Salim naye anahama, kwa hisani ya mjomba huyohuyo. Hapo ndipo ninapomvulia Gurnah kofia. Siri haimo kwenye barua wala kwenye sanduku lililofungwa. Ni mtoto mchanga anayeitwa Munira, dada wa Salim kwa mama, anayekua Zanzibar mbele ya macho ya watu wote. Salim anaijua sura yake na hajui hesabu iliyomleta. Inabidi mama afe, baba arudi kutoka Kuala Lumpur alikohamia, na wanaume wawili wakeshe wakizungumza, ndipo hadithi itoke.

Katika The Last Gift (2011) mambo yamegeuka: mwenye siri ni mhamaji mwenyewe, Abbas, baharia wa zamani aliyemtoroka mke mjamzito Zanzibar, na sasa, mgonjwa huko Norwich, anaitapika siri hiyo kwenye kinasa sauti.

Kisha ikaja Afterlives (2020). Ilyas anamfundisha mdogo wake Afiya kusoma na kuandika, halafu anakwenda kujiunga na askari wa Wajerumani. Mlezi wa Afiya anapogundua kwamba msichana huyo anajua kuandika, anampiga hadi kumvunja mkono. Kikaratasi anachokiandika ndicho kinachomwokoa. Habari za Ilyas hupatikana miongo mingi baadaye, Ujerumani, kwa jitihada za mtoto wa Afiya aliyepewa jina la mjomba wake: alifia katika kambi ya Sachsenhausen.

Simu ya Nobel ilimkuta Gurnah jikoni akijitengenezea chai, Oktoba 2021, naye akadhani ni mtu wa kuuza bidhaa. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakatoa Peponi, tafsiri ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, na Amina akapata kuzungumza Kiswahili baada ya miaka 28. Ningependa sana kumsikia Munira pia, kwa lafudhi ya Unguja, akiieleza nyumba ile kwa upande wake.