Kinyama cha Bugando

Njia ya kwenda Kwihara, nje kidogo ya Tabora mjini, ni vumbi jekundu na miembe. Wenyeji husema miembe hiyo imeota kwenye kokwa walizotupa watu wa misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Tembe la mpelelezi David Livingstone lina kuta nene za udongo, na wageni huja kusikia jinsi yeye na mwanahabari Stanley walivyokaa hapa mwaka 1872. Mimi nilifuata msafara uliokuja baadaye.

Oktoba 1873 Abdullah Susi na James Chuma, watumishi wa Livingstone, waliingia hapa Unyanyembe na maiti ya bwana wao, aliyefia Mei mahali ambapo leo ni Zambia. Walishaondoa matumbo, wakatia chumvi, wakauanika mwili juani wiki mbili. Luteni Cameron, Mwingereza waliyemkuta huku, aliwashauri wamzike papa hapa. Wakakataa. Aprili 1874, London, daktari William Fergusson alichunguza mfupa wa mkono wa kushoto, akakuta pale simba alipouvunja miaka 30 nyuma na usiunge vizuri. Ndiye.

Mfupa ungevumilia safari hata bila chumvi. Kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe hakivumilii.

Hayo nilikumbushwa ndani ya basi la Mwanza.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Usiniegemee, humu kikapuni mna kinyama cha dada yangu. Nakipeleka hospitali ya Bugando.”

Maabara ya patholojia hukitia kinyama kwenye nta, ikakikata utando wa mikromita 4 au 5, ikautia rangi na kuuweka kwenye kioo cha hadubini. Kinachobaki ndani ya nta hakionwi na mtu. Kwa vinyama vya tezi dume, vioo huonyesha takriban asilimia 1 tu.

Huko Seattle, Marekani, Jonathan Liu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walibuni njia isiyohitaji kukata. Kinyama hulowekwa kwenye kemikali mpaka mwanga upenye, kikapitishiwa utando mwembamba wa mwanga tabaka kwa tabaka, kompyuta ikajenga umbo zima la pande tatu. Vijitezi vilivyoonekana kila kimoja peke yake juu ya kioo huonekana kumbe ni matawi ya mti mmoja, na hilo laweza kubadili daraja la saratani analopewa mgonjwa.

Mashine hiyo naitamani, lakini haifufui kilichooza. Fomalini, dawa ya kuhifadhi kinyama, ikichelewa, seli hujimeng’enya zenyewe, na picha ya pande tatu itaonyesha uozo kwa pande zote tatu. Ndiyo maana kwanza ningeomba fomalini ya kutosha katika kila zahanati na kituo cha afya kinachotoa vinyama: angalau mara 10 ya ujazo wa kinyama chenyewe.

“Chupa imejaa, mama?”

Akafunua kitambaa. Imejaa, kifuniko kimezungushiwa plasta.

“Nesi kasema nisimwage hata tone.”

Nzega basi lilisimama watu wachimbe dawa. Nikajitolea kumshikia kikapu. Akanitazama kidogo, akashuka nacho.