Watalii wa Chanji na togwa ya bibi

Jumamosi moja asubuhi, ukungu ukiwa bado haujaondoka kwenye milima ya Mbizi, familia moja ya Chanji, mjini Sumbawanga, ilitoka nyumbani kwa miguu. Baba alitangulia. Mama alifuata na chupa ya maji, watoto watatu wakiwa katikati, na nyuma kabisa bibi yao mwenye umri wa miaka 71, fimbo mkononi na khanga ya pili mabegani kwa sababu ya baridi.

Hawakuwa wakienda kanisani, wala shambani, wala msibani. Jirani aliyekuwa akifagia uwanja akauliza kulikoni.

"Tunakwenda kutalii," akajibu baba.

"Wapi huko?"

"Hapahapa Sumbawanga."

Jirani alicheka mpaka akaegemea ufagio wake.

Safari hiyo ilianzia kwenye simu. Wiki mbili nyuma, shangazi wa watoto hao, anayesoma chuo kikuu katika mji wa Kraków nchini Poland, alituma video na ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia. Alikuwa amejiunga na matembezi ya kuongozwa katika mji mkongwe. Mwongoza wageni aliwapitisha kwenye uwanja mkuu wa mji, uliopimwa mwaka 1257, ambao kila upande una urefu wa karibu mita 200. Aliwasimamisha chini ya mnara wa kanisa la Bikira Maria, ambako kila saa mpiga tarumbeta hupiga wimbo unaokatika ghafla kabla haujaisha. Watu wa huko husimulia kwamba zamani mlinzi wa mnara alipigwa mshale kooni akiwa anapiga tarumbeta kuwaonya wenzake kuhusu maadui, na wimbo wake hukatishwa palepale ulipoishia.

Mwisho wa matembezi waliingizwa kwenye chumba chenye chupa za rangi nyingi. Kinywaji kilichomo huitwa nalewka. Ni matunda kama cheri au plamu yaliyolowekwa kwenye pombe kali kwa wiki au miezi, yakatiwa sukari au asali. Kila mtu mzima alipewa kiasi cha kulowesha ulimi katika bilauri ndogo, na mwongozaji akaeleza kwamba familia nyingi za huko zina namna yao ya kuitengeneza, waliyorithi kwa bibi zao. Kijana mmoja aliyekuwa na wazazi wake alipewa maji ya matunda.

"Mama," shangazi alisema kwenye ujumbe wake, "watu hapa wanalipa kiingilio ili waonje kitu cha bibi wa mtu. Sisi cha kwetu tulikuwa tunakificha chini ya turubai."

Sebuleni Chanji hakuna aliyecheka. Baba alizima simu na kuuliza kama chakula kiko tayari.

Kwa zaidi ya miaka 20, bibi huyo alipika na kuuza pombe ya ulezi. Kwa fedha hiyo alilipa ada za watoto, akaezeka nyumba kwa bati, na ndiyo iliyomfikisha binti yake mahali ambapo aliweza kuomba nafasi ya masomo Ulaya. Lakini mtoto wake wa kwanza, kaka wa baba, alikuwa mlevi na alifariki kabla ya kutimiza miaka 40. Alianza na pombe ya mama yake, akamalizia na viroba, miaka michache kabla Serikali haijavipiga marufuku mwaka 2017. Baada ya maziko, bibi aligawa mapipa yake na hakupika tena. Baba naye aliapa kwamba nyumbani kwake pombe haitanywewa wala kutajwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba binti mkubwa, aliye kidato cha pili, alipopewa kazi ya kuandika insha kuhusu mzee wa familia na kazi aliyoifanya, aliandika kwamba bibi yake alikuwa mkulima. Baba aliisoma na kunyamaza. Yeye mwenyewe, katika kila fomu aliyojaza tangu shule ya msingi, mahali pa kazi ya mzazi aliandika neno hilohilo. Halikuwa uongo, kwa sababu bibi alilima. Ila ada haikutoka shambani.

Baada ya ule ujumbe wa Kraków, bibi ndiye aliyesema, "Basi na sisi tutembezane." Baba alisitasita wiki nzima. Bibi hakubishana naye. Aliloweka ulezi, akautandaza kwenye gunia, akaufunika, na ulipoota akauanika juani. Binti alipoona kimea kimeanikwa uani alijifungia chumbani, akiogopa jirani asije akauliza kama biashara imerudi.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo walitoka.

Kituo cha kwanza kilikuwa palepale njiani, na baba ndiye aliyekuwa mwongozaji. Aliwasimamisha watoto akawaeleza maana ya jina la mji wao kwa Kifipa: sumba ni tupa, wanga ni uchawi. "Hiyo tunaijua, baba," akasema wa darasa la nne. "Tukienda Mbeya ndiyo wanayotutania." Bibi akamwambia kwamba siku nyingine awajibu kuwa jina hilo ni amri kwa mgeni: lolote baya ulilokuja nalo, litupe nje kabla hujaingia.

Kituo cha pili kilikuwa Uwanja wa Nelson Mandela. Baba alionyesha mahali alipokuwa akisimama utotoni kutazama mpira, kisha akaishiwa la kusema. Mama akamwokoa. Walipokuwa wakiendelea, alianza kuwasimulia habari za mtu ambaye jina lake lipo kwenye hospitali ya mjini, Dk Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, Afrika Magharibi, akaibwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani. Wamisionari Weupe walimnunua na kumwacha huru, wakamsomesha, naye akajifunza uganga wa kizungu katika kisiwa cha Malta. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akatibu watu wa huko kwa zaidi ya miaka 60. Alifariki mwaka 1956 na hakurudi kuishi kwao.

"Mama yake alijua kwamba amekuwa daktari?" aliuliza kitinda mimba, mwenye miaka sita.

Mama hakuwa na jibu. Walitembea kimya mpaka sokoni.

Hapo ndipo kazi ya kuongoza ilipobadilika mikono. Mbele ya magunia ya ulezi, mama muuzaji alimwona bibi akitweta, akamwachia kigoda chake. Bibi akakaa, akakitazama kile kigoda, akaanza kuwasimulia habari za Milansi.

Wafipa husimulia kwamba Milansi ndicho kijiji cha mfalme wa kwanza wa nchi yao. Siku moja mfalme alikwenda kuwinda. Kabla ya kuondoka alimwonya mkewe kwamba wageni wanaweza kufika, na wakifika asiwape kiti chake. Wakaja wanawake watatu kutoka mbali, wa ukoo wa Twa. Mke wa mfalme aliwaona wana hadhi, wamechoka na safari, moyo wake ukashindwa. Akawapa kiti. Mfalme aliporudi akakuta nchi imekwisha kuhama mikononi mwake. Utawala wa Ufipa ukawa wa Watwa, na yeye akabakiwa na Milansi na heshima ya matambiko.

"Kwa hiyo alikosea kukaribisha wageni?" aliuliza wa darasa la nne.

"Kukaribisha hakukosea," alisema bibi. "Wageni hupewa kiti. Ila cha mwenye nyumba si cha kutoa."

Binti wa kidato cha pili, ambaye tangu asubuhi alikuwa akitembea hatua kadhaa nyuma yao, alisogea karibu. Habari za mpiga tarumbeta wa Kraków alikuwa amekwisha kuwasimulia marafiki zake watatu. Za Milansi alikuwa akizisikia kwa mara ya kwanza, na baba yake pia.

Bibi aliendelea hapohapo, akichota ulezi kiganjani. Aliwaambia kwamba kabla mahindi hayajatawala Ufipa, ulezi ndio uliokuwa chakula na kinywaji. Aliwaeleza kuhusu malungu, zile tanuri ndefu za udongo zinazompita mtu kimo, ambamo mafundi wa Kifipa waliyeyusha mawe ya chuma na kutengeneza majembe kwa ajili ya kulimia na kulipia mahari, mpaka majembe ya dukani yalipoizima kazi hiyo. Muuzaji wa ulezi naye alikuwa ameacha kuhesabu fedha zake ili asikilize.

Walirudi Chanji saa saba mchana. Uani, kwenye chungu kilichofunikwa kwa ungo, kulikuwa na togwa. Bibi alikuwa ameikoroga jana yake: uji wa mahindi uliopoa mpaka ukawa vuguvugu, ukatiwa unga wa kimea, ukaachwa ulale. Alimpa kila mtu kikombe kidogo. Baba alikishika chake kwa muda kabla ya kunywa. Ilikuwa tamu, nzito kidogo, na alipomeza aligeuka akatazama ukutani.

"Leo ni togwa," alisema bibi. "Mtoto anakunywa. Ukiongeza kimea ukaiacha siku mbili tatu, si togwa tena. Chungu ni kilekile."

Binti akauliza swali ambalo watu wazima walilikwepa kwa miaka yote hiyo: "Baba mkubwa alianzia kwenye chungu hiki?"

"Mama, si lazima kujibu," alisema baba.

"Ni lazima. Wa kwao wanasimulia na mshale uliomwua mtu wao. Mimi nisimulie tarumbeta tu?"

Akawaambia. Alipokuwa msichana, pombe ilipikwa kwa sababu fulani: kulima kwa pamoja, harusi, matanga. Watu walikaa kukizunguka chungu na wazee wakiwepo, na chungu kikiisha, wamekwisha. Alipoanza kuuza, mambo yakawa mengine. Pombe ya biashara haikuwa na sababu na haikuwa na mwisho. Pipa moja likiisha, la pili liko tayari. Alikuwa na sheria zake. Hakumuuzia mtoto wala mwanaume aliyetumwa dawa ya mgonjwa. Ila mwanawe alionja akisaidia kuchuja, na yeye aliona. Aliona na hakusema, kwa sababu mwaka huo alihitaji mikono ya kumsaidia na ada ya wadogo zake.

"Sikuacha kupika kwa sababu pombe ni aibu," alisema. "Niliacha kwa sababu sikuwa na nguvu tena ya kuitazama. Ni vitu viwili."

Baba alitoka nje, akakaa kwenye jiwe la kufulia. Baada ya muda mama alimfuata. Watoto walimaliza togwa yao, na kitinda mimba akaomba nyingine.

Wazazi wengi wana kitu cha namna hiyo nyumbani: kazi iliyowasomesha ambayo hawaitaji mbele ya wageni, au ndugu ambaye jina lake likitajwa mazungumzo hubadilishwa. Hunyamaza wakidhani wanawalinda watoto. Lakini mtoto huona turubai hata kama haoni kilichofunikwa, naye hujifunza kuona haya kabla hajajua anaonea haya kitu gani. Binti wa Chanji hakuambiwa na yeyote aandike "mkulima". Alijifunza kwa kumtazama baba yake.

Wala si lazima mtu aende mbali ili kuanza. Matembezi ya familia hiyo yaligharimu nauli ya bajaji moja, bibi alipochoka wakati wa kurudi, na maandazi manne. Mzazi akiishiwa la kusema kwenye kituo cha pili, kama ilivyomtokea baba huyo, si hasara. Mara nyingi anayejua yuko nyuma, na fimbo, akisubiri kuulizwa. Na kama historia ya nyumba ina pombe ndani yake, mtoto anaweza kuambiwa yote, utamu na kifo, bila kupewa zaidi ya kikombe cha togwa.

Jumapili jioni binti alikaa mezani na daftari lake la insha. Alifuta, akaandika upya, kisha akamsomea bibi sentensi za kwanza: "Bibi yangu alikuwa mkulima na mpishi wa pombe ya ulezi. Kwa kazi hiyo alisomesha watoto wawili na akampoteza mmoja."

Bibi alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Umekosea hesabu," alisema. "Niliwasomesha watatu. Na yule marehemu alimaliza darasa la saba, tena kwa hela hiyohiyo. Andika watatu."

Binti akachukua kifutio.