Kusoma gari la dizeli kabla ya kulilipia

Haya wasomaji wangu, leo hakuna programu. Kwa wiki tatu nimekuwa nikitafuta gari, na nimeona kwamba kazi hiyo haiko mbali na ile ninayofanya kila siku ya kusaka hitilafu.

Kwanza shida yenyewe. Mama anaishi Kiambere, upande wa bwawa, na kila mwezi lazima afike kliniki ya presha Embu. Mnaoijua njia hiyo mnaelewa. Bwawa liko mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Embu uko karibu mita 1,350. Unaanza safari kwenye joto kali, halafu unapanda. Ukikwama kabla ya Kiritiri saa saba mchana, na mgonjwa yumo ndani, utamngoja msamaria mwema. Sisi ndugu wanne tumechanga pesa. Tukinunua bomu, hakuna mchango wa pili.

Tulichagua dizeli kwa sababu ina nguvu ya kupanda mlima ikiwa imejaa watu, na hainywi sana. Lakini dizeli ina adhabu yake: pampu na injekta zikiharibika, bili inaweza kumla ng'ombe na ndama wake.

Sasa, sheria moja ya kazi yangu: usiamini data ambayo yeyote anaweza kuihariri. Kilomita zilizo kwenye dashibodi ni data ya aina hiyo. Ni namba iliyohifadhiwa ndani ya chipu, na mwenye kifaa anaibadilisha kwa dakika chache. Kwa hiyo nilijiuliza, ni kitu gani ndani ya gari ambacho ni vigumu au ni ghali kukighushi?

Gari la kwanza lilikuwa la 2014, la kutoka Japani, linang'aa kama sahani mpya, kilomita 78,000. (Jina la kiwanda sitalitaja, kiwanda hakina kosa hapa.) Dalali akaniambia, "Boss, hii ilikuwa ya daktari. Nyumbani, kazini, nyumbani, basi."

Kwa gari la petroli hiyo ingekuwa sifa. Kwa dizeli ya kisasa ni onyo. Kwenye ekzosi kuna kichujio cha masizi, mafundi hukiita DPF. Kikijaa, kompyuta ya injini huongeza dizeli ili joto lipande na masizi yaungue. Kazi hiyo inahitaji mwendo mrefu wa kasi. Gari la safari fupi huzimwa kabla halijamaliza, tena na tena, na kichujio huziba. Pia sehemu ya ile dizeli ya ziada huteremka na kuchanganyika na oili, kwa hiyo oili huongezeka badala ya kupungua. Ndiyo maana kwenye kijiti cha kupimia oili cha Mazda CX-5 ya dizeli kuna alama ya X juu ya ile ya kujaa. Oili ikifika hapo, imwage uweke mpya. Nikachomoa kijiti cha gari la daktari: oili ilikuwa imepita alama ya juu, nyepesi, na inanuka dizeli.

Kisha nikatoa kifaa changu cha OBD, kile kidogo cha Bluetooth, nikakichomeka chini ya usukani. Hakuna hitilafu hata moja. Vizuri mno! Lakini kompyuta ya gari huhesabu pia umbali ambao gari limeenda tangu hitilafu zifutwe. (Si magari yote ya Japani hujibu swali hilo, lakini hili lilijibu.) Jibu: kilomita 9. Kutoka kwenye yadi hadi tulipokutana ni karibu hivyo hivyo. Yaani kuna mtu alifuta logi asubuhi ile.

Dalali akasema betri ilikuwa imekufa wakabadilisha. Hilo linawezekana, kuchomoa betri pia kunaweza kufuta kumbukumbu. Sikumwita mwongo. Nikamwambia, "Sawa, twende Kiritiri na kurudi, mafuta juu yangu, halafu tusome tena." Akakataa. Kwangu mimi jibu hilo lilitosha, nikamshukuru tukaachana.

Gari la pili lilikuwa Prado kuukuu la mwalimu mstaafu, injini ya 1KZ-TE ya lita 3, kilomita 312,000. Mdogo wangu alipoona namba hiyo alitaka turudi nyumbani. Lakini mwalimu alikuwa na daftari la shule, limeandikwa kila oili iliyomwagwa, tarehe na kilomita, kwa kalamu tofauti za miaka tofauti. Jaribu kughushi hilo!

Ugonjwa wa injini hii mafundi wanaujua: ikichemka, kichwa chake hupasuka. Kwa hiyo tulipima hivi:

1. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi bila kupiga simu. Nikagusa boneti, ilikuwa baridi. Dizeli iliyochoka huficha ugonjwa ikiwa imepashwa moto kabla hujafika. Iliwaka mara ya kwanza, moshi kidogo, ukaisha.

2. Tulifungua rejeta ikiwa bado baridi, injini inaunguruma. Hakuna mapovu yasiyokoma, hakuna oili juu ya maji.

3. Tuliweka kifuniko cha oili juu ya tundu lake bila kukikaza. Kilitikisika tu, hakikurushwa. Kikirushwa, ujue mgandamizo unavuja kwenye pistoni.

4. Tulipakia watu saba tukateremka hadi Kiambere, tukageuza, tukapanda tena saa sita jua likiwaka. Mshale wa joto ulikaa palepale.

Mwisho nilitafuta rekodi ya gari NTSA kupitia eCitizen, nihakikishe mwalimu ndiye mwenye gari na hakuna benki inayolidai.

Jambo moja zaidi: uliza gari hunyweshwa wapi. Kuna waliokuwa wakichanganya dizeli na mafuta ya taa, hata mwaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuwazuia. Pampu hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. Mwalimu alijaza kituo kimoja, na stakabadhi zilikuwa ndani ya daftari.

Tumelinunua. Ni kuukuu, viti vimechanika, na litatudai vipuri. Lakini mama ameshapanda nalo Embu mara mbili, na fundi anajua nini kilibadilishwa lini. Gari lenye historia mbaya unaweza kulipangia bajeti. Lililofutwa historia huwezi.

Kama una kipimo kingine, niandikie hapo chini. Wiki ijayo tunarudi kwenye programu.